Mzee Abane Nini Tena?



Twawasikia wenye kushiba wakinena kuwa wazee wetu hawajui kubana matumizi. Sisi tukaao nyuma ya mizani twawajua wazee hao zaidi. Mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kumpa kila mzee aliyetimiza miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Ilikuwa khatua ya haki, wala hatuoni haya kuisifu. Lakini igawanyeni kwa siku 30: shilingi 666! Fungu hilo halikusogea hata mwaka 2023, lilipofanywa 50,000, ilhali unga na mafuta havikulingoja. Na mvuvi wa miaka 69, asiyepata kuajiriwa maishani, hapewi hata hilo.

Mzee huja dukani akataka robo ya sukari na mafuta ya kupimiwa, kisha kwa sauti ya chini akaomba aandikwe daftarini hadi siku ya malipo. Huyo ndiye wa kufundishwa uchumi?

Twataka pensheni ipande na bei kila mwaka, na umri ushushwe hadi 60. Wajapo waomba kura, waulizeni hilo kabla hawajaketi.