Chandarua Hupimwa kwa Walalao

Ndugu msomaji, ukienda dukani kununua viatu, muuzaji hatakuuliza una fedha kiasi gani kabla ya kukuuliza nambari ya mguu wako. Kwa chandarua mambo huwa kinyume. Wengi wetu huuliza bei, hukunja kilichouzwa rahisi, hukitia kapuni na kurudi nacho nyumbani. Usiku huo huo hugundulika kwamba kimeishia juu ya godoro, nao mbu wamepata mlango.

Leo basi tuzungumze juu ya kipimo. Kwa mfano wetu tuitazame nyumba moja katika kata ya Kasekese, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Tuseme wanaishi humo watu saba. Baba, mama na mtoto mchanga hulala kitandani. Watoto watatu hulala mkekani chumba cha pili. Bibi ana kitanda chake cha kamba. Baba akitangaza kuwa nyumba yake ina chandarua, je, anasema kweli? Anasema kweli ya kitanda kimoja. Watoto watatu na bibi yao hawamo katika kweli hiyo.

Hapo ndipo hesabu inapoanzia. Kabla ya kupima kitanda, hesabu mahali pa kulala, kisha hesabu watu wa kila mahali. Wataalamu wa afya huweka kiasi cha chandarua kimoja kwa watu wawili. Kwa hiyo watu saba wahitaji vinne. Uwezo ukiwa mdogo, visipungue vitatu, yaani kimoja kwa kila mahali pa kulala. Na ikiwa leo fedha ni ya kimoja tu, apewe kwanza mama mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwa kuwa malaria huwaua hao upesi kuliko wengine. Ukubwa wa nyumba haupimwi kwa mwenye nyumba kulala salama peke yake.

Baada ya watu, tupime vitanda. Vyandarua vya madukani hutajwa kwa futi: nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita. Asiye na utepe wa kupimia asihangaike. Achukue kamba, aizungushe godoro au mkeka pande zote nne, afunge fundo pale inapokutana, kisha aende nayo dukani. Godoro la futi nne kwa sita litampa kamba ya futi 20; la tano kwa sita, futi 22; la sita kwa sita, futi 24. Dukani aombe chandarua kikunjuliwe, ailinganishe kamba na pindo la chini. Pindo likiwa fupi kuliko kamba, akirudishe. Likilingana, kitatosha kwa shida. Likizidi, hicho ndicho chake, kwa maana kitapata nafasi ya kuchomekwa bila kuvutwa.

Sababu ya kutaka nafasi hiyo ni hii. Chandarua kinachobana huwagusa walalao, na mbu aliye nje aweza kupitisha mdomo wake katika tundu na kunyonya mkono ulioegemea. Dawa iliyotiwa katika nyuzi husaidia sana, lakini hupungua kadiri miaka na mafuo yanavyozidi. Kwa watoto watatu wa mkekani, ambao hujigeuza usiku kucha, usinunue cha futi nne hata kama mkeka ni mwembamba. Cha futi sita kitawafaa zaidi.

Urefu wa kwenda chini nao una hesabu yake. Chandarua chenye kimo cha sentimeta 150 kikichomekwa sentimeta 30 hivi chini ya mkeka, juu hubaki 120, na mtu mzima aweza kuketi ndani bila kukigusa kwa kichwa. Anayelala chini akitundike chini kuliko wa kitandani. Kosa la wengi ni kufunga kamba kwenye boriti ile ile, pindo likabaki linaning'inia hewani.

Umbo pia litazamwe. Cha pembe nne huhitaji kamba nne, lakini kuta zake husimama wima. Cha duara huhitaji ndoano moja tu, nacho hufaa chumba kidogo. Ila kuta zake hulala kama paa la msonge, hukaribia kichwa na miguu, kwa hiyo chagua chenye pindo pana zaidi. Na wale wanaohamia madunguni kulinda mpunga wasikiache chandarua nyumbani. Fito nne zilizosimikwa pembeni mwa mkeka zatosha kukitundika.

Nchi yetu haikuanza jana kufundishana habari hizi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma, na malaria ilikuwa miongoni mwa masomo yake. Kuanzia mwaka 2004 hadi 2014, Hati Punguzo iliwasaidia kina mama wajawazito kununua vyandarua kwa bei nafuu. Lakini hati na mgawo humfikisha mtu mlangoni tu. Kupanga nani alale chini ya kipi ni kazi ya baba na mama wenyewe.

Ukishakipata, kitandaze kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Kifue kwa sabuni ya kipande, kikianikwe kivulini, na maji yake yasimwagwe mtoni wala ziwani, kwa kuwa dawa hiyo huua samaki. Tundu lishonwe siku lilipoonekana.

Na usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, baba na mama wazunguke vyumba vyote pamoja. Wahesabu vichwa, si vitanda. Atakayeonekana nje ya chandarua, huyo ndiye aanziwe safari ya kwenda dukani.