Nyumba na Mapato: Gari la Zamani Lisilokula Akiba

Askari anapokaribia kustaafu, fikira zake aghalabu huelekea mambo matatu: nyumba, shamba na gari. Nyumba humngoja na shamba humngoja, lakini gari humfuata mpaka mlangoni. Rafiki huja na habari ya gari kuukuu linalouzwa kwa bei ndogo, lenye rangi inayong'aa na jina linalokumbusha ujana, na kabla ya juma kwisha kiinua mgongo kimekwisha toka mkononi. Baada ya miezi mitatu gari hilo huonekana limesimama chini ya mwembe, kuku wakitaga ndani yake. Sajini mmoja wa Jinja alikaribia sana kuingia katika hesabu hiyo, na namna yeye na mkewe walivyoepukana nayo inafaa kuangaliwa na kila jamaa yenye nia ya kununua gari la zamani.

Sajini huyo, baba wa watoto wanne, alikuwa amebakiza miezi michache katika utumishi. Nyumba yake iko nje kidogo ya mji, na mkewe huuza nafaka sokoni. Gari lilihitajika, hilo halikuwa na ubishi. Lakini gari jipya lilikuwa mbali na uwezo wao, na hata yale yaliyokwisha tumika Japani yangemaliza akiba yote. Kwa sababu hiyo walielekeza macho kwenye magari ya miaka ya 1970, ambayo injini zake hazina kompyuta na hutengenezwa kwa spana na akili ya fundi. Hapo walilazimika kutafuta miongoni mwa magari yaliyokwisha kuwamo nchini, kwa maana tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi.

Walionyeshwa magari matatu: Peugeot 504 ya stesheni wagoni, yenye safu tatu za viti na injini ya petroli, Volkswagen 1300, ile yenye mgongo wa kobe, na Toyota Corolla 1200 iliyopauka rangi.

Moyo wa sajini ulikwenda moja kwa moja kwenye Peugeot. Alipokuwa mtoto katika miaka ya 1980 alizoea kuiona ikiwachukua wakubwa, na jina lake halikuwa dogo. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969, na mwaka 1975 ikashinda mashindano ya Safari Rally katika barabara ngumu za Afrika Mashariki. Volkswagen nayo ilikuwa imeshinda mashindano hayo mwaka 1962. Sifa hizo ni za kweli. Walakini gari la mashindano lilifuatwa na mafundi wake na vipuri vyake njiani. Gari la mstaafu hufuatwa na mfuko wake mwenyewe tu.

Jioni hiyo mkewe alimwuliza swali moja.

"Baba watoto, tangu mwaka uanze, sisi sote sita tumesafiri pamoja mara ngapi?"

"Mara mbili, Mama watoto. Pasaka, na mazishi ya shemeji."

"Na siku nyingine?"

"Ni wewe na magunia yako, na mimi."

"Basi mbona wataka kununua gari la siku mbili, kisha ulilishe mwaka mzima?"

Swali hilo ndilo msingi wa uchaguzi wote. Gari huchaguliwa kwa safari ya kila siku, si kwa safari ya Krismasi. Watu wengi hununua gari kubwa kwa kufikiria siku ile ambayo jamaa nzima itapanda pamoja na mizigo yake, wakasahau kwamba siku zilizobaki gari lile lile litabeba mtu mmoja na gunia moja, na uzito wake uliozidi kilo 1,200 utaendelea kuvutwa kwa petroli.

Mama huyo akachukua daftari la biashara yake. Walikisia kwamba wangetembea kilometa 1,000 kwa mwezi. Kwa kila kilometa 100, injini ikiwa nzima, Peugeot ya namna ile hunywa kiasi cha lita 11, Volkswagen 1300 kiasi cha lita 9, na Corolla 1200 kiasi cha lita 8. Kwa mwezi ni lita 110, 90 na 80. Tofauti kati ya Peugeot na Corolla ni lita 30 kwa mwezi, yaani lita 360 kwa mwaka. Alipozidisha lita hizo kwa bei ya kituo cha petroli cha jirani, fedha iliyopatikana ilizidi kwa mbali kodi ya gari kubwa la kukodi kwa siku mbili.

Haifai mtu kufikiri kwamba Peugeot imelaumiwa hapa. Jamaa inayobeba watu saba kila siku, au mfanyabiashara ajazaye gari kila asubuhi, akigawanya lita 11 kwa watu saba ataona kwamba kila mtu hutumia chini ya lita mbili kwa kilometa 100. Kwake yeye gari kubwa ndilo la bei nafuu. Lililo ghali ni kiti kitupu.

Jambo la pili ni kwamba hesabu za vitabuni ni za injini nzima, na gari la miaka 50 lina tabia zake. Hapana budi lipimwe. Kipimo chenyewe ni rahisi. Tangi hujazwa mpaka mdomoni, gari huendeshwa safari inayojulikana urefu, kisha tangi hujazwa tena katika pampu ile ile. Lita zilizoingia mara ya pili hugawanywa kwa kilometa zilizotembewa, na jibu huzidishwa kwa 100. Mnunuzi ajitolee kulipia petroli ya kipimo. Mwenye gari asiye na la kuficha hatakataa.

Sajini alikwenda na Volkswagen mpaka Kampala na kurudi, kilometa 160 hivi. Tangi likapokea lita 20. Maana yake ni lita 12 na nusu kwa kilometa 100. Gari dogo lilikuwa likinywa kuliko lile kubwa! Fundi alifungua akazikuta plagi nyeusi kama masizi, platini zimelika, na kile kibati cha kabureta kinachofunga hewa wakati wa kuwasha injini ya baridi hakifunguki hadi mwisho.

"Afande," akasema fundi, "gari hili halina tabia ya ulevi. Lina ugonjwa."

Ugonjwa huo ungetibika kwa fedha kidogo, kwa hiyo sajini hakuliacha kwa sababu hiyo. Aliliacha kwa sababu ya mambo mawili yaliyoonekana baadaye. Kiti cha nyuma kilipoinuliwa, pale betri inapokaa, sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi ardhi ikaonekana. Tena fundi aliposhika puli ya mkanda nyuma ya injini, akaivuta na kuisukuma, ilicheza mbele na nyuma waziwazi, ishara ya kwamba injini inahitaji kufumuliwa yote. Kabureta husafishwa kwa siku moja, lakini bodi iliyooza na injini iliyochakaa hula kiinua mgongo kidogo kidogo bila kushiba.

Corolla ilipimwa kwa safari ile ile ikarudi na deni la lita 13, yaani lita 8 na kidogo kwa kilometa 100. Rangi yake ilikuwa imekufa na kiti cha dereva kimechanika, lakini mambo hayo hayanywi petroli. Fundi alipitisha sumaku juu ya bodi. Mahali sumaku isiposhika, kuna tundu lililozibwa kwa lipu na kupakwa rangi. Mlango mmoja tu ulionekana hivyo. Moshi nao ulitazamwa asubuhi injini ikiwa baridi. Moshi wa buluu huonyesha kwamba injini inaunguza oili. Mweusi, kwamba petroli inapita kiasi. Mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, kwamba gasketi ya kichwa imekufa. Ule wa Corolla ulitoka mwepesi ukatoweka.

Vipuri ni jambo la tatu. Kabla ya kulipa, mnunuzi aende dukani kana kwamba gari limekwisha haribika. Aulizie tairi za kipimo chake, pampu ya maji, klachi na viatu vya breki. Injini ya Corolla ile ni ya ukoo ambao Toyota iliendelea kuutumia kwa miaka mingi katika magari yake madogo ya kubebea abiria na mizigo, na mafundi wengi wanaujua. Gari linalosubiri kipuri kwa miezi miwili halina unafuu, hata likinywa lita tano.

Lipo pia jambo la petroli yenyewe. Magari hayo yaliundwa wakati petroli ilipotiwa madini ya risasi, na petroli ya namna hiyo ilikoma kuuzwa katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Injini zenye kichwa cha chuma cha kutupwa, kama ile ya Morris Minor, zaweza kuharibika vikalio vya valvu zisipobadilishiwa vikalio vigumu. Magari matatu yaliyotajwa yana vichwa vya alumini, ambavyo vikalio vyake hutiwa kando kwa chuma kigumu, kwa hiyo hofu yake ni ndogo.

Kwa askari kuna sharti lisiloruka. Namba ya chesisi na namba ya injini zisomwe kwa macho na kulinganishwa na kitabu cha usajili, kisha zithibitishwe ofisini. Ni aibu iliyoje kwa mtu aliyelinda sheria miaka 20 kukamatwa njiani na gari la wizi!

Sajini na mkewe waliinunua Corolla, lakini hawakutumia fedha yote. Walikuwa wametenga robo ya bajeti yao kwa kazi za mwezi wa kwanza: mipira ya breki na ya petroli ikabadilishwa yote, kwa maana mpira wa zamani hupasuka bila taarifa; tairi nne zikanunuliwa; mikanda ya usalama ikafungwa mbele na nyuma, kwa sababu watoto watapanda.

Sasa daftari hukaa ndani ya gari. Kila wanapojaza tangi huandikwa tarehe, kilometa na lita. Mwezi mmoja hesabu ilipanda kutoka lita 8 hadi 10, na kabla gari halijaonyesha dalili nyingine wakajua kuna kasoro. Ilikuwa breki ya nyuma inayoshika, na tairi mbili zenye upepo pungufu. Ikatengenezwa siku hiyo hiyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Krismasi ilipofika jamaa ile ilikodi gari kubwa, ikaenda kwa babu yao na kurudi salama. Corolla ilibaki nyumbani, bila kunywa hata tone.