Bima Imekukatalia Dawa? Kata Rufaa!

Jamani, hivi karani wa bima alisomea udaktari lini?

Nauliza kwa sababu hapa Marekani mtu mwenye ugonjwa wa Crohn, au vidonda sugu vya utumbo mpana, anaandikiwa dawa na mtaalamu aliyempima. Kisha kampuni ya bima ambayo haijawahi hata kumwona inamtumia barua: dawa hii "si ya lazima kitabibu". Au anaambiwa aanze na ya bei nafuu, ikishindwa ndipo arudi. Ikishindwa maana yake nini? Maana yake aharishe damu kwanza!

Mwaka 2023 ProPublica walianika kisa cha mwanafunzi wa chuo kikuu cha Penn State mwenye vidonda hivyo vya utumbo. Bima yake, UnitedHealthcare, iligoma kulipia dawa zilizokuwa zimemrudishia uhai. Alipoishitaki, nyaraka zilionyesha kwamba kampuni ilikuwa na ripoti ya daktari iliyemlipa yenyewe ikionya kuwa kumkatia dawa kungehatarisha afya yake. Ripoti wakaifukia. Na simu zilizorekodiwa? Wafanyakazi wanacheka!

Watetezi wao watasema dawa hizi ni ghali. Kweli, za kijana yule zilifika kama dola milioni 2 kwa mwaka. Sawa, basi semeni ni ghali, mkagombane na wenye viwanda vya dawa. Kwa nini mnasema "si ya lazima"?

Waswahili nasi tuna ugonjwa wetu: tukiona barua yenye nembo tunadhani ni hukumu. Tunasema yaishe. Kumbe kimya chetu ndicho mtaji wao! Takwimu za KFF za mwaka 2023 zinasema kampuni zinazouza bima kupitia HealthCare.gov zilikataa asilimia 19 ya madai kutoka kwa madaktari na hospitali zenye mkataba nazo. Waliokata rufaa hawakufika hata asilimia 1. Lakini katika rufaa hizo chache, kampuni zilibadili uamuzi katika asilimia 44.

Kwa hiyo usikae kimya. Sheria ya afya ya mwaka 2010 inakupa haki katika bima nyingi. Dai sababu kwa maandishi. Una siku 180 za kukata rufaa. Mwombe daktari wako barua inayotaja dawa zote ulizotumia zikashindwa, pamoja na majibu ya kipimo cha kamera ya utumbo. Kama matibabu hujayapata, wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Kama ni dharura, saa 72. Wakikataa tena, una miezi 4 ya kuomba mpitiaji huru wa nje, na uamuzi wake unaibana kampuni.

Barua ile si hukumu, ndugu yangu. Ni kamari: wanacheza wakitegemea utachoka. Usichoke!