Joka na Mishono Yake

Joka la kwenye sanaa halikushuka kutoka mbinguni. Ukilitazama vizuri, kila kiungo chake kina mwenyewe: pembe zimetoka kwa kulungu, kucha kwa tai, magamba kwa samaki. Kipimo cha mchoraji ni mishono, yaani pale shingo ya mnyama mmoja inapopokelewa na mabega ya mwingine bila jicho kushtuka.

Watu wa Babeli waliimudu kazi hiyo mapema. Kwenye Lango la Ishtar, lililojengwa na Mfalme Nebukadneza wa Pili yapata mwaka 575 KK, limepangwa safu kwa safu joka la mungu Marduk, liitwalo mushussu. Lina kichwa cha nyoka chenye pembe, miguu ya mbele ya simba, miguu ya nyuma ya tai na mwiba wa nge mkiani. Mwili wake umeinuka juu ya matofali ya bluu yaliyong'arishwa kwa moto, tofali moja likibeba kipande cha bega, jingine kipande cha paja, kwa hiyo joka lenyewe limejengwa vipande vipande kama lilivyobuniwa. Robert Koldewey, Mjerumani aliyefukua magofu ya mji huo kuanzia 1899, aliona umbo la mnyama huyo halibadiliki miaka nenda rudi, akaanza kudhani kwamba huenda aliwahi kuishi kweli. Msomi wa hadhi yake kufikishwa hapo ni sifa kubwa kwa mafundi wa matofali.

China nayo ina orodha yake, maarufu kwa jina la mifano tisa: pembe za kulungu, kichwa cha ngamia, shingo ya nyoka, tumbo la chaza, makucha ya tai, nyayo za chui milia, masikio ya ng'ombe, na kadhalika. Lakini Chen Rong, ofisa na mshairi wa enzi ya Song, aliificha orodha hiyo ndani ya mawingu. Mchoro wake wa majoka tisa wa mwaka 1244, ulioko kwenye makumbusho ya sanaa ya Boston, ni wa wino kwenye karatasi ndefu ya kukunja, zaidi ya mita 9. Inasimuliwa kwamba alipokuwa amelewa alirusha wino kuwa mawingu, akatema maji kuwa ukungu, na kofia yake ikageuka brashi. Iwe kweli au chumvi, matokeo yanaonekana: hapa kucha limekamata mwamba, kule jicho limetokeza, halafu mwili mzima umemezwa na ukungu. Pale ambapo mshono ungeonekana pana wingu, na jicho la mtazamaji linamalizia lenyewe.

Ulaya haikuwa na mawingu ya namna hiyo. Leonardo da Vinci aliacha maelekezo kwa anayetaka mnyama wa kubuni aonekane wa kweli: achukue kichwa cha mbwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu, shingo ya kobe. Kwenye karatasi moja iliyohifadhiwa Windsor, Uingereza, amechora paka wengi, wanaolala, wanaojilamba, wanaopigana, na miongoni mwao kajoka kaliko­jipinda kwa mgongo uleule wa paka. Paolo Uccello naye, yapata mwaka 1470, alimpa Mtakatifu George joka la miguu miwili na mabawa mawili, lenye madoa ya duara kama ya kipepeo. Hesabu hiyo ya viungo ni ya busara. Bawa la popo au la ndege ni mkono uliogeuka, kwa hiyo joka la miguu minne linaloongezewa mabawa mgongoni linakuwa na viungo sita, na hapo ndipo majoka mengi ya filamu na ya mabango ya leo yanapochechemea.

Mishono ikihama kutoka kwenye turubai kwenda kwenye gundi, sanaa inakuwa utapeli. Mwaka 1735 Carl Linnaeus, kijana wa Sweden aliyekuja kuwa baba wa majina ya kisayansi, alipita Hamburg akaonyeshwa joka lililokaushwa, lenye vichwa saba kama lile la Kitabu cha Ufunuo, ambalo picha yake ilikwisha kuchapishwa na wenye nalo walilitarajia bei nono. Yeye alitazama meno. Taya zilikuwa za vicheche, na ngozi za nyoka zilikuwa zimegandishwa juu yake. Alisema alichokiona, kisha akaondoka mjini upesi.

Kamera ilikuja na ugumu mwingine: inahitaji kitu kilichopo. Luteni wa Kiholanzi aliyekuwa Flores, van Steyn van Hensbroek, alimpelekea Peter Ouwens wa makumbusho ya wanyama ya Buitenzorg, leo Bogor, ngozi na picha ya mnyama wa kisiwa cha Komodo. Mwaka 1912 Ouwens alimtangaza kwa ulimwengu wa sayansi. Kwa ukoo ni kenge, tena jamaa wa hawa wanaoiba mayai ya kuku mitaani, ila yeye hufikia mita 3 na humwangusha nyati. Ndivyo kenge alivyoingia kwenye msafara wa majoka, na picha ikiwa hati yake ya kusafiria.

Kumpiga picha akaonekana joka ni kazi ya pembe ya kamera. Mpigapicha akisimama na kumwinamia, atarudi na picha ya mjusi mnene mwenye vumbi. Akilala kifudifudi, lenzi ndefu ikilingana na jicho la mnyama, nyuma yake askari wa hifadhi akiwa na fimbo ndefu yenye panda, kichwa kinajaa fremu na mwili unapotea nyuma kama kwenye mawingu ya Chen Rong. Kisha ni kusubiri. Kenge huyo hunusa kwa ulimi, anautoa na kuurudisha kwa kufumba na kufumbua, na picha zinazopigwa mdomo ukiwa umefungwa nyingi hutupwa. Inayobaki ni ile ya ulimi wa njano uliopasuka ncha mbili, kama ule ambao fundi wa Babeli aliuchomoza kwenye tofali.