Mbuzi Kibogoyo wa Baringo

Mwaka 2006, wakazi wa Baringo walipoishtaki Serikali katika Mahakama Kuu ya Nairobi, miongoni mwa ushahidi waliouleta alikuwamo mbuzi kibogoyo. Kisa hicho kilisimuliwa mbali na karibu kama kichekesho, lakini mfugaji wa Ng'ambo au Marigat, huko huko Baringo, hakuona la kucheka, kwa maana mbuzi asiye na meno hufa njaa hali majani yako mbele ya pua yake. Kilichomng'oa meno ni utamu: ganda la manjano la mti uitwao mathenge, lililojaa sukari, ambalo mnyama akilitafuna siku baada ya siku hunata ufizini, likaozesha meno hata yakadondoka moja moja.

Mti huu si mzaliwa wa Afrika; asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Sisi watu wa pwani tuliujua mapema, maana mwaka 1973 ulipandwa Bamburi ili kuyafunika machimbo ya mawe yaliyoachwa uchi kama kidonda. Mapema miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo kwa mradi wa Serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na nia ya mradi ule siwezi kuilaumu, kwani kuni zilikuwa adimu, kiangazi kilikuwa kikali, na upepo ulikuwa ukiuchukua udongo. Ulitakikana mti usiokufa, ukapatikana; hakuulizwa mfugaji kama naye alikuwa na haja nao.

Watafiti waliolinganisha picha za setilaiti za miaka mbalimbali na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019, walituonyesha bayana yaliyofuata. Mwaka 1988 mathenge ulikuwa umeshika hekta 882 za Baringo. Kufikia mwaka 2016 ulikuwa umeshika hekta 18,792. Katika muda huo mbuga za nyasi zilipungua kwa asilimia 86, na mapori ya migunga, mti ambao maganda yake ndiyo yaliyokuwa akiba ya mbuzi tangu enzi za mababu, yakapungua kwa asilimia 42.

Namna mti huu unavyosafiri ni ya kustaajabisha, na laiti isingekuwa balaa ningeisifu. Mbuzi hula ganda kwa ajili ya utamu wake. Mbegu, kwa ugumu wake, hupita tumboni salama, tena asidi ya tumbo hulainisha gamba lake. Kisha hutoka ikiwa imefumbatwa na samadi, mbali na mti mama, labda penye njia ya maji au kando ya zizi. Basi mnyama aliyedhulumiwa ndiye mpanzi wa dhalimu wake. Ukishamea, mti huzamisha mzizi mpaka kwenye maji ya chini, hufunga matawi yake yenye miiba hata ng'ombe asipenye, na chini ya kivuli chake nyasi hazioti.

Wako wanaosema kwamba dawa ni kuutumia: tuchome makaa, tuutumie hata uishe. Rai hiyo ina sehemu ya haki, maana makaa yake ni mazuri, nyuki huyapenda maua yake, na maganda yakisagwa pamoja na mbegu huwa chakula cha mifugo kisichoeneza kitu. Lakini mchoma makaa hukata shina na kuacha kisiki, na kisiki cha mathenge hakijui msiba: macho ya chipukizi yamo shingoni mwa mzizi, chini kidogo ya udongo, na penye shina moja jana patakuwa na mashina matano kesho. Fauka ya hayo, mtu aliyezoea kupata riziki yake kwa mti hana sababu ya kuutakia mauti. Kwa sababu hiyo naona kuhesabu magunia ya makaa kuwa ushindi dhidi ya mathenge ni kujidanganya. Kipimo cha haki ni hekta za nyasi zilizorudi.

Na nyasi zaweza kurudi. Wako wafugaji wa Baringo waliozungushia ua viwanja vyao, wakapanda nyasi za asili, nao leo huuza majani makavu na mbegu wakati wa kiangazi jirani zao wanapohangaika. Kazi yake si nyepesi: kung'oa kisiki pamoja na shingo ya mzizi, kupanda mbegu mvua zinapokaribia, kurudi kila msimu kung'oa miche iliyoletwa na samadi, na, lililo gumu kuliko yote, kuwazuia mifugo wasiingie mpaka nyasi zishike. Hilo la mwisho haliamuliwi na mtaalamu wala na afisa. Katika ardhi inayochungwa na wengi, huamuliwa na wazee walioketi chini ya mgunga mmoja uliosalia, wakibishana ni ng'ombe wa nani watakaokaa nje ya ua mwaka huu, na ni nani atakayewalisha hao.