Mchanga wa mpakani upimwe kabla ya kugawiwa

Mchanga wa mito ya Malaba na Sio unapakiwa kwenye malori kama kifusi, na mamlaka za Uganda na Kenya zinauhesabu kama kifusi. Viongozi wa nchi hizohizo hawachoki kuhubiri viwanda na nishati safi. Kama kweli wanaamini kwamba mchanga ni malighafi ya vioo na paneli za sola, hawana budi kuusimamia kama malighafi. Mpaka sasa hawajafanya hivyo.

Mwanya umo katika sheria. Ibara ya 244 ya Katiba ya Uganda inautoa mchanga wa kawaida wa ujenzi katika maana ya madini. Sheria ya Madini ya mwaka 2022 imeziba sehemu ya pengo hilo, lakini bado matumizi ndiyo yanayoamua mchanga uitweje. Mwombaji akiandika "ujenzi" kwenye fomu, ofisa asiye na vipimo vya maabara hana cha kumpinga nacho. Upande wa Kenya, miongozo ya NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) ya mwaka 2007 inataka kamati za kusimamia uchimbaji na inakataza kuchimba jirani na madaraja na barabara. Kaunti ya Makueni ilikwenda mbali zaidi na kutunga sheria yake mwaka 2015. Kaunti zenye mito ya mpakani hazina sababu ya kubaki nyuma.

Ukweli wa kitaalamu nao usifichwe. Si kila mchanga unafaa kiwandani. Mchanga wa mtoni mara nyingi una udongo, na chembe zake zimevikwa kutu ya chuma. Kioo cheupe hakivumilii zaidi ya takribani sehemu moja ya oksidi ya chuma katika elfu moja; kioo cha paneli za sola kinataka usafi mara kumi zaidi. Silikoni ya paneli yenyewe huyeyushwa hasa kutokana na mawe ya kwatzi, katika tanuru linalokula zaidi ya megawati-saa 10 za umeme kwa kila tani, pamoja na makaa. Uganda imepata megawati 600 za bwawa la umeme la Karuma, na njia kuu ya umeme kwenda Kenya inapita Tororo, wilaya ya mpakani. Lakini umeme peke yake haugeuzi mchanga mchafu kuwa silika safi ya kiwandani. Mchanga mweupe unaojulikana zaidi Uganda uko Bukakata na Diimu, kando ya Ziwa Viktoria. Mwanasiasa anayewaahidi watu wa Busia, huku mpakani, kiwanda cha sola bila ripoti ya maabara anawahadaa.

Hasara ya kutopima inaonekana. Tororo ina mtambo wa sola wa megawati 10 tangu 2017, lakini silikoni iliyomo kwenye paneli zake ilitoka nje ya Afrika Mashariki. Jirani yetu Tanzania, kwa upande wake, ilizindua kiwanda cha vioo Mkuranga mwaka 2023. Huku mpakani, kinachobaki baada ya lori kuondoka ni kingo zilizobomoka, mashimo yanayotuamisha maji na barabara za vijiji zilizochimbika.

Tororo pia ina funzo lake. Mradi wa fosfeti wa Sukulu, uliozinduliwa Oktoba 2018, uliandamwa na malalamiko ya fidia. Kosa la kutangaza mradi kwanza na kusikiliza wenye ardhi baadaye lisirudiwe. Wala afya isisahauliwe: vumbi la silika huharibu mapafu kwa namna isiyo na tiba, na mchimbaji asiye na barakoa ndiye atakayelipa.

Hatua zinazotakiwa si ngumu. Idara ya Jiolojia na Madini ya Entebbe na wenzao wa Nairobi wachukue sampuli za mito yote miwili na watangaze matokeo hadharani. Leseni mpya zisimame hadi matokeo yatoke. NEMA ya Uganda na NEMA ya Kenya ziwe na daftari moja la leseni, kwa kuwa mto unaochimbwa ukingo mmoja hubomoka kingo zote mbili. Mapato ya mchanga yachapishwe, kila wilaya na kaunti kwa jina lake.

Ofisa atakayetia saini leseni bila cheti cha maabara awajibishwe yeye mwenyewe. Mito hii haina mchanga wa kufanyia majaribio ya uzembe.