Kabla Hujamwita Mkata Mti

Masika yakikaribia kila mwenye nyumba huyatazama mabati yake, na akiwa mkazi wa Bonde la Mpunga huitazama pia mifereji yake. Mti uliosimama uani hakuna autazamaye. Umekuwapo tangu watoto hawajazaliwa, umetupa kivuli, umefungiwa kamba ya kuanikia nguo, hata tukaudhania kuwa ni sehemu ya nyumba. Kisha usiku mmoja upepo unavuma, tawi linakwaruza paa, na asubuhi tunatoka mbio kumtafuta kijana yeyote mwenye panga.

Nami nilifanya hivyo hivyo hapa Msasani. Leo nitakusimulia, ingawa hakuna cha kujisifia ndani yake.

Nyuma ya jiko letu ulikuwapo mjohoro mkubwa. Mjohoro, kama ujuavyo, hukua upesi, hutoa kivuli na kuni nzuri, na kwa sababu hiyo umepandwa kila pembe ya miji yetu. Tawi lake moja, nene kama mapaja ya watu wawili, lilikuwa limevuka ukuta na kulala juu ya paa la jirani. Vijana wawili walipita na panga na msumeno wa mkono. Mmoja akataja bei, nikaishusha. Akataja nyingine, nikaishusha tena, hata nikaona nimeshinda. Nilichokuwa nimekishusha, nami sikukijua siku ile, kilikuwa ni kamba. Kwa ile bei ya kwanza wangeazima kamba na kumchukua mwenzao wa tatu wa kuishika. Kwa bei yangu walikuja na mikono yao tu.

Kijana akapanda peku, akakaa kitako penye panda ya mti, akaanza kukata tawi kutoka juu. Alipofika katikati, tawi lilianza kulemea kwa uzito wake lenyewe. Halikukatika: lilipasuka, likachana gome la chini hadi kwenye shina, na mwisho wake ukaruka nyuma na kumpiga kifuani. Alianguka juu ya ukuta, kisha chini. Paja lilivunjika. Tawi nalo lilikwenda zake kwenye mabati ya jirani, mahali pale pale nilipotaka lisifike. Niliyoyalipa baadaye, kwa hospitali na kwa paa, yalizidi mara nne ile bei niliyoikataa, na mguu wa mtu haumo katika hesabu hiyo.

Yafaa ujue jambo moja la sheria hapa, maana wengi hatulijui mpaka yatufike. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008, humtazama mfanyakazi ambaye mwajiri wake ameandikishwa na anachangia. Kijana uliyemwokota njia panda hakuandikishwa popote. Akianguka, mtu wa kwanza atakayetazamwa ni wewe uliyemwita, na hata kama hakuna atakayekudai, utamwona akipita mlangoni kwako na magongo.

Mti ukabaki nusu, umechanika, unatisha kuliko mwanzo. Ndipo jirani, ambaye alikuwa na haki ya kutonisemesha kabisa, akaniletea mzee mmoja wa kijijini hapa hapa, aliyeumaliza ujana wake katika majahazi. Nilimngoja aje na msumeno. Alikuja mikono mitupu. Akauzunguka mti mara tatu bila kusema neno. Akaomba shoka, akaligonga shina kwa kisogo cha shoka, akitega sikio kama mnunuzi wa nazi. Akainama kutazama kama pana uyoga kwenye mizizi, na kama udongo upande mmoja umeinuka au kupasuka. Mwisho akatazama juu, wapi nyaya za umeme zinapita.

"Mwanangu," akaniambia, "leo sikati kitu. Kesho nitakuja asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka."

Naomba uyashike hayo aliyoyatazama, kwani unaweza kuyafanya wewe mwenyewe leo jioni, na hayana gharama. Shina likilia kama ngoma, ndani pana uwazi. Uyoga ukiota kwenye shina au mizizini, basi kuoza kumeshaanza hata kama majani ni ya kijani kibichi. Udongo ukiinuka upande mmoja baada ya upepo, mizizi imeanza kuachia, na hapo hapana budi watoto wahamishwe kulala upande mwingine wa nyumba mpaka mtu wa kazi aje. Mahali penye maji yaliyotuama, kama baadhi ya mitaa yetu ya bondeni, mti hausubiri kimbunga: udongo ukilainika, hata upepo wa kawaida wa kusi huweza kuuangusha.

Ingawa vimbunga navyo havikosekani kabisa. Sisi wa pwani hii hujifariji kwamba ni mambo ya nchi za mbali. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Na mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kwa bahati njema kikiwa kimepungua nguvu. Mafia si mbali na sisi.

Kesho yake mzee akaja na watu watatu, kamba mbili na roda, yaani lile gurudumu la kupandishia tanga. Hapo nikaelewa kwa nini jirani alimchagua mtu wa majahazi. Roda ikafungwa kwenye panda ya juu, iliyo nzima. Kamba ikapitishwa humo, ncha yake moja ikafunga tawi, na ncha ya pili ikashuka chini, ikazungushwa mara mbili kwenye shina la mnazi ulio karibu, ndipo ikapewa mshika kamba. Ule mzunguko ndio unaobeba uzito, na mshika kamba huachia kidogo kidogo. Tawi lilipokatika halikuanguka, lilining'inia, likashushwa polepole kama foromali ya jahazi linaloingia bandarini. Hakuna hata kigae cha chungu kilichovunjika.

Na kukata kwenyewe kuna utaratibu, ambao yule kijana wangu hakufundishwa. Kwanza hukatwa chini ya tawi, umbali wa shubiri mbili hivi kutoka kwenye shina, mpaka kiasi cha theluthi ya unene. Kisha hukatwa juu, mbele kidogo ya mkato wa kwanza, na tawi huondoka bila kuchana gome, kwa kuwa mkato wa chini unauzuia mpasuko. Hubaki kisiki kifupi, ambacho sasa ni chepesi na huondolewa kwa mkato wa tatu. Mkato huu wa tatu ndio unaokosewa na karibu kila mtu. Pale tawi linapokutana na shina pana uvimbe kama kola ya shati. Ukikata ndani ya uvimbe huo, sawasawa na shina, umeujeruhi mti wenyewe. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na kuuingiza uozo ndani. Hukatwa nje tu ya uvimbe.

Watu wengi hupaka lami au rangi kwenye jeraha la mti, wakidhani wanalitibu. Mtaalamu wa idara ya misitu ya Marekani, Alex Shigo, alichukua msumeno wa mnyororo na kupasua maelfu ya mashina ili aone yaliyomo ndani. Katika maandishi yake ya miaka ya 1970 na 1980 alionyesha kwamba mti hauponi kama sisi tunavyopona. Hauitengenezi upya sehemu iliyoharibika, bali huizungushia ukuta na kuendelea kukua nje yake. Uvimbe ule tuliousema ni sehemu ya ukuta huo. Lami haizuii kuoza. Basi hifadhi lami yako kwa ajili ya paa.

Kama mti wote hauna budi kuondoka, na pana uwanja wa kuuangushia, jambo ambalo katika Msasani ni nadra kama shilingi iliyodondoka sokoni Namanga, hukatwa kwanza mdomo upande unakotakiwa kulala, kina chake robo au theluthi ya unene wa shina. Kisha hukatwa nyuma, juu kidogo ya usawa wa mdomo, lakini mkato wa nyuma haukutani na mdomo. Katikati huachwa ukanda mwembamba wa mti, nao ndio bawaba. Bawaba huushika mti na kuuongoza kama mlango. Ukiikata yote kwa pupa, mti huchagua wenyewe pa kwenda. Na mkataji hakimbilii nyuma moja kwa moja, kwani shina huweza kuruka nyuma. Huondoka kwa mshazari, kwenye njia aliyoifyeka kabla hajaanza.

Miti haifanani, na bei yake isifanane. Mwembe una utomvu unaochoma ngozi, na aghalabu una majimoto, wale siafu wekundu waliojifumia nyumba za majani. Mpandaji avae mikono mirefu, na upogoaji ungoje embe ziishe. Mkrismasi, ambao maua yake mekundu tunayapenda sote Desemba, una matawi mepesi kuvunjika na mizizi inayotambaa juu juu, hivyo usiupande karibu na ukuta wala shimo la choo. Mwarobaini ukikatwa huchipua kutoka kisikini, kwa hiyo usimlipe mtu anayekuahidi kwamba amekumalizia kazi. Mbuyu sitaki kuuzungumza sana, wala kuingia katika habari za mashetani wake. Yatosha kusema kwamba mti wake ni laini, umejaa maji, hautoi mbao wala mkaa wa maana, na mbuyu mzima usiokutisha heri uuache ulivyo. Mikoko ya ufukweni si yako wala yangu. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali, na haikatwi bila kibali.

Mnazi unahitaji maneno zaidi, maana ndio mti wa mtaa huu. Mnazi una moyo mmoja tu, kileleni. Ukikata kilele ili "uufupishe", umeuua, hakuna tawi litakalochipua. Na ukishakufa usiuache umesimama, wala usiuangushe ukaliacha gogo lioze uani. Katika gogo la mnazi linalooza ndimo anamozaa chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, ambaye watoto wake hulia humo humo, na akipevuka huruka na kwenda kutoboa kilele cha mnazi wa jirani aliye mzima. Gogo lichanwe na kutumika mapema, au lichomwe mahali pasipo hatari. Wenzetu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, kilichokua kutokana na mpango wa taifa wa minazi wa mwaka 1979, wamelisema jambo hili miaka mingi, na bado magogo tunayaona yamelala kila uchochoro.

Mti uliogusa waya wa umeme si kazi ya panga wala ya mzee wa majahazi. Mti mbichi una maji, na kamba iliyolowa ina maji, vyote viwili hupitisha umeme. Hiyo ni kazi ya TANESCO, na mtu yeyote anayekwambia ataumaliza haraka kabla hawajafika, mrudishe. Vilevile pitia ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kuuondoa mti mkubwa. Watakuelekeza kwa afisa wa manispaa anayehusika, nawe utaepuka ugomvi utakaokugharimu zaidi ya kibali.

Kuhusu bei nitasema hivi tu. Usiulize kwanza kiasi gani. Uliza watu wangapi watakuja, kamba ngapi, na kazi itachukua muda gani. Anayekujibu "saa moja tu, mzee" kwa mti uliopita paa lako, mpe maji ya kunywa na umuage. Kamba ya katani ifunguliwe nyuzi zake uione ndani. Ikiwa imegeuka vumbi au nyeusi, haifai hata kufungia mbuzi.

Yule kijana sasa anatembea, ingawa jioni mguu humvuta. Hapandi tena. Mzee alimchukua awe mshika kamba, na wanasema hakuna mwenye mkono mtulivu kama wake, ambalo sishangai. Mwezi uliopita nilimwita autazame mwarobaini wetu wa mbele. Alikuja mikono mitupu. Akauzunguka, akaugonga, akasema shina ni zima, matawi mawili tu ndiyo ya kuondoa, watu watatu, asubuhi mbili. Kisha akataja bei. Nikamwuliza habari ya kamba. Akaitoa ndani ya kiroba, akazifungua nyuzi kwa vidole, akanipa niipapase mwenyewe.